Nimepiga 116, simu ya watoto, nikiwa Uyole: maoni yangu

Naandika hii kwa sababu kila nikiitaja 116 hapa Mbeya watu wananiuliza hivi kweli inapokelewa? Inapokelewa. Mi niliipiga mwezi wa saba asubuhi, Uyole na baridi lile mnalolijua, simu yangu haina hata shilingi na ikaita vizuri tu maana ni bure, haikati salio.

Ilikuwa hivi, jirani alikuwa na binti wa kazi kamtoa kijijini huko Njombe, mwenyewe anasema ana 15 ila ukimwangalia tu ni mtoto, baadae tukaja kujua ana 11. Alikuwa anakuja gengeni kwangu saa kumi na mbili kununua nyanya na viazi, kandambili, gauni jepesi, na mkono mmoja hautoi mfukoni. Siku hiyo nikamwambia hebu nione huo mkono, akakataa, nikambembeleza weee mpaka akautoa. Umebabuka kuanzia kidole gumba hadi kwenye kifundo na juu kapaka dawa ya meno. Akasema chai ilimwagika. Nikamuuliza tena, hakujibu, akaanza kuhesabu chenji.

Dada aliyepokea simu hakuniharakisha wala hakuning'ang'ania nitaje jina langu, alichotaka ni mtoto sasa hivi yuko wapi, ana jeraha gani, pale nyumbani anaishi na nani. Halafu akaniambia nisiende kugombana na jirani, mtoto anaweza kuhamishwa usiku na tukampoteza kabisa. Hilo sikuliwaza jamani, nilikuwa nimeshajifunga kanga kiunoni naenda! Mchana huohuo afisa ustawi wa jamii akanipigia. Mpaka hapo nyota 5.

Shida ilianzia mbele. Afisa ustawi alikuja na bajaji kwa hela yake ya mfukoni, gari la kazi hana na watoto anaowafuatilia ni wa kata zaidi ya moja. Tukaenda kituo cha polisi, sitakitaja, kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, sasa badala ya kupelekwa moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto tukasimamishwa kaunta watu wamejaa, askari anauliza kwa sauti "huyu kafanywaje, nani kamchoma?" Mtoto akajificha nyuma ya kitenge changu. Siku ile alisimulia mara nne, kaunta, dawatini, hospitali, ofisi ya ustawi, na mara ya nne alikuwa anaongea kama anasoma ubaoni, sauti haina chochote ndani. Iliniuma sana. Kaunta nyota 1, na ombi langu ni moja, mtoto asikilizwe mara moja, chumba chenye mlango, wengine wasome yaliyoandikwa.

Ila WP, yaani askari wa kike, wa dawatini nampa haki yake. Hakuvaa sare, alifunga mlango, akampa chai na andazi kwanza, ndo akamwambia "kamwene", salamu ya kwao Njombe. Yule mtoto akainua uso kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Usiku ule hakurudi kwa jirani, alilala kwa familia ya kuaminika, yaani familia ya kawaida tu ambayo ustawi wameshaichunguza na kuifundisha kumpokea mtoto wa dharura. Hii kitu inatakiwa kila kata iwe nayo, bila hiyo sijui angelala wapi.

Mtaani wapo walionisema nimemwaibisha mwenzangu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kuripoti, na chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa. Na utafiti wa kitaifa wa mwaka huohuo 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana wa miaka 13 mpaka 24 walifanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kufika 18, wengi mikononi mwa ndugu na walimu, watu wa karibu kabisa. Kamati za MTAKUWWA, ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, zipo mpaka ngazi ya mtaa, ila ya kwetu nilikuwa sijui hata wajumbe ni akina nani mpaka haya yaliponikuta, mwenyekiti wa mtaa abandike majina yao pale ofisini.

Kesi bado inaendelea, mimi ni shahidi, nikiitwa nafunga genge naenda. Mkono umepona, limebaki baka. Alirudi kwa bibi yake Njombe, na shule kaanza.