Nimechoma biosimila ya Humira zaidi ya mwaka, hii ndo rivyu yangu (dawa na bei yake)

Nimeulizwa inbox mara nyingi kama biosimila, yaani dawa ya kampuni nyingine inayofanana na Humira, inafanya kazi kweli na inalipiwaje, mpaka nimeona niandike mara moja tu wote msome. Nipo Dallas, Texas, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na nina baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inakugeuka inaanza kula viungo vyako, sio maumivu ya umri wala ya kulala na feni. Kabla ya kupata dawa nilikuwa asubuhi siwezi kufungua kifuniko cha dawa ya meno. Kazini namvalisha mzee wa watu soksi huku machozi yananitoka mimi. Humira, dawa ya sindano, ndo ilinirudishia mikono yangu, nikaichoma miaka mitatu kila baada ya wiki mbili, kwahiyo siku barua ya bima ilipokuja kusema hawailipii tena na nihamie biosimila nilikaa kitandani nikalia kabisa.

Sikuwa peke yangu. Mwezi wa nne 2024 CVS Caremark, wale wanaosimamia dawa za bima za mamilioni ya watu hapa Marekani, waliitoa Humira kwenye orodha zao kubwa, na bima nyingine zikafuata. Mimi nikaangukia Hyrimoz, biosimila ya kampuni ya Sandoz.

Kwanza tuelewane biosimila ni nini maana wengi wanaita jeneriki, yaani nakala ya dawa ileile. Panadol ni kemikali, ukijua fomula yake unaitengeneza inatoka ileile. Adalimumab (hilo ndo jina la dawa yenyewe, Humira ni jina la biashara) ni protini kubwa inayotengenezwa na seli hai zinazofugwa kwenye matangi kiwandani, na seli hai hazitoi kitu kinachofanana asilimia mia kila mara, hata Humira yenyewe toleo moja na lingine hupishana kidogo sana. Kwahiyo kampuni ya pili haiambiwi ilete kitu kilekile, inatakiwa ithibitishe kwa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, kwamba hakuna tofauti ya maana kwenye nguvu wala usalama. Kazi ni ileile, inaizuia TNF, yaani ile protini inayowasha moto kwenye viungo.

Na hii kitu sio ya majaribio jamani. Ulaya wameanza kuchoma biosimila za Humira Oktoba 2018. Hapa kwetu ya kwanza, Amjevita, imeingia sokoni Januari 2023, miaka minne na zaidi baadaye, kwa sababu AbbVie, wenye Humira, walikuwa na hataza (haki za kuzuia wengine wasiitengeneze) zaidi ya mia moja wamezizungushia dawa moja. Hilo linaniuma mpaka leo. Dawa ilipitishwa 2002, na watu walikuwa wanaruka dozi kwa kukosa hela wakati nafuu yake ipo upande wa pili wa bahari.

Sasa dawa yenyewe. Kalamu yake ina pembe tatu, haiteleziki mkononi, na kwa mtu mwenye vidole kama vyangu hilo ni jambo kubwa. Unatoa kwenye friji dakika kama 15 hadi 30 ubaridi uishe, unafuta paja, unaikandamiza kwenye ngozi inalia klik, unashikilia hivyohivyo, inalia klik ya pili, bado unashikilia mpaka kidirisha kijae kijani. Usitoe kwenye klik ya pili! Mimi niliwahi kutoa mapema kidogo tone likabaki juu ya ngozi, kosa langu.

Wiki tatu za kwanza nilijua kabisa haifanyi kazi. Nilikuwa naamka nakagua kila kidole, goti likiuma kidogo nasema si mnaona, nimepewa ya bei rahisi. Nikampigia daktari wa viungo, akanipima damu, CRP, kipimo kinachoonyesha uvimbe mwilini, ikawa palepale ilipokuwa na Humira, akanibonyeza viungo kimoja kimoja hakuna kilichovimba. Akaniambia hofu peke yake inaweza kukuletea maumivu ya kweli, na akasema bila kunicheka, akasema tukutane baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu nikawa sawa, na mpaka leo nipo sawa, nasuka nywele za mwanangu mwenyewe. Dawa naipa nyota tano bila kusita.

Haya, bei, hapa someni polepole maana ndo nilipotaka kufika. Watu wanadhani ukihamia biosimila bili inashuka yenyewe. HAISHUKI YENYEWE. Humira mwaka 2023 bei ya kwenye karatasi, yaani bei rasmi ya kampuni kabla ya punguzo lolote, ilikuwa karibu dola 6,900 kwa mwezi. Sandoz walipoitoa Hyrimoz Julai 2023 waliitoa kwa bei mbili: yenye jina Hyrimoz ikiwa chini ya Humira kwa asilimia 5 tu, na isiyo na jina la biashara, inaitwa adalimumab-adaz, ikiwa chini kwa asilimia 81. Dawa ni hiyohiyo!! Nilivyoelewa sababu yake nilishindwa kulala. Wale wanaosimamia dawa za bima wanapewa marejesho na kampuni, na marejesho yanahesabiwa kutoka kwenye bei ya karatasi, kwahiyo bei ikiwa kubwa na wao wanarudishiwa kikubwa. Lakini wewe mgonjwa ukiwa unalipa asilimia, unalipa asilimia ya ile bei kubwa, hayo marejesho huyaoni.

Kwangu mimi bima inaniachia asilimia 25. Duka la dawa (silitaji, ni lile la kutuma kwa posta ambalo bima yangu imenichagulia) wakaingiza ile ya bei kubwa, nikaambiwa dola 1,600 na kitu. Nikakata simu. Kesho yake nikapiga tena nikauliza neno kwa neno, mna adalimumab-adaz isiyo na jina, na bima yangu inailipia? Kimya, anabonyeza bonyeza, ndiyo tunayo. Ikashuka ikawa kama 330. Halafu nikaomba kadi ya kampuni ya kupunguza kopei, yaani kile unacholipa mwenyewe, na ile 330 ikaisha yote. Simu mbili tu. Hakuna mtu aliyenipigia kuniambia.

Kadi za kampuni hazifanyi kazi ukiwa na Medicare (bima ya serikali hasa ya wazee) au Medicaid (ya wenye kipato kidogo), hiyo mjue. Ila wenye wazazi kwenye Medicare Part D, ile sehemu ya dawa, kuanzia 2025 kuna kikomo, dola 2,000 kwa mwaka mzima kwa dawa zilizo kwenye orodha ya bima yao, na 2026 ni 2,100, ukifika hapo hulipi tena mpaka mwaka uishe. Na asiye na bima kabisa, Yusimry, biosimila nyingine ya Humira, ilipotoka Julai 2023 iliwekwa kwenye duka la dawa la mtandaoni la tajiri Mark Cuban kwa dola 569 na senti, ukiongeza usafirishaji na ada ndogo. Bado ni hela nyingi kwa mtu wa mshahara wetu, lakini ilinganishe na 6,900. Bei zinabadilika, angalieni ya siku hiyo.

Huduma ya hilo duka la posta naipa nyota mbili. Julai waliacha boksi langu mlangoni mchana wa Texas, narudi kazini barafu imeyeyuka imekuwa maji ya uvuguvugu. Nikapiga picha, wakatuma lingine, lakini nilichelewa dozi siku nne. Siku hizi naomba lisainiwe au lipelekwe dukani nikachukue.

Kingine, hili nawaambia hasa tuliochanjwa BCG utotoni. Kabla ya kuanza dawa hizi lazima upimwe TB, kwa sababu zinaweza kuamsha TB iliyolala. Kile kipimo cha kuchoma kwenye ngozi ya mkono kinaweza kuonyesha unayo kwa sababu ya chanjo tu. Omba kile cha damu, hakichanganyikiwi na BCG. Kikitoka unayo kweli, usikimbie, unatibiwa kwanza. Na homa ya ini B wapime pia.

Mwenye kusafiri kwenda nyumbani: kalamu usiweke kwenye begi la chini ya ndege, huko zinaweza kuganda na ikiganda ni ya kutupa. Mimi Desemba nilibeba mbili kwenye kibegi cha baridi pamoja na barua ya daktari, hadi Dar, halafu basi hadi Tanga, na mama akatoa samaki wake kwenye friji ili zipate nafasi.