LVM: kazi inapiga, ila amri zake zitakutoa jasho

Natumia LVM (mfumo wa Linux unaounganisha diski kuwa bwawa moja la nafasi, kisha unaligawa kuwa volyumu unazoweza kuzikuza) kwenye sava za Linux mwaka wa sita sasa na siwezi kurudi kwenye patisheni za kawaida, hilo niseme mapema msije mkadhani naiponda tu. Ila jamani hizi amri nani alizipanga?

Juzi saa nane usiku /var (folda inayohifadhi data za databesi) imejaa, databesi imegoma, simu haiachi kuita. Nikaongeza diski, pvcreate ya kuiandaa, vgextend ya kuiingiza kwenye bwawa, mpaka hapo mteremko. Nikapiga lvextend -L 20G, amri ya kukuza volyumu, nikijua naongeza giga 20, ikakataa, eti saizi mpya sio kubwa kuliko iliyopo, maana volyumu ilishakuwa na 40. Kumbe usipoweka ile alama ya kujumlisha unakuwa umeitajia saizi ya mwisho, ukiweka +20G ndio unaongeza. Haya, uzembe wangu. Lakini hiyohiyo -L 20G ukimpa lvresize, amri inayokuza na kupunguza pia, yeye hakatai bwana, kwenye toleo la zamani nililokuwa nalo alijiandaa kabisa kukata volyumu kutoka 40 mpaka 20, data ikiwa ndani, akaniuliza tu y au n. Nilibaki nimekodoa macho.

Tena kuna -L kubwa ya giga na -l ndogo ya vipande na asilimia, kwa hiyo kumaliza nafasi yote ni -l +100%FREE. Kwenye lvs, amri ya kuorodhesha volyumu, ukiandika --units g anahesabu kwa 1024, G kubwa anahesabu kwa 1000, halafu ukirudi kwenye -L herufi kubwa au ndogo hajali, zote 1024!

Volyumu ikishakua bado mfumo wa faili uliomo ndani yake haujui. Kwa mfumo wa ext4 ni resize2fs na anataka njia ya kifaa, ile /dev/vg0/var, kwa XFS ni xfs_growfs na huyu kwa kawaida anapewa pale ulipomauntia, yaani /var. Na growpart, ya kukuza patisheni, anataka uache nafasi kabla ya namba, /dev/sda 3, wakati sehemu nyingi nyingine ni sda3.

Siku hizi najua moja tu, lvextend -r -L +20G, hiyo -r inakuza na mfumo wa faili humohumo. lvresize nimeiwekea alias (jina la mkato linalochukua nafasi ya amri) inayoandika "acha" (ukiita kwa sudo haishiki, nalo hilo nililijua nikiwa nimeshabonyeza enta).