Kupima ardhi: droni, GPS au totali stesheni, hela yako uiweke wapi?

Siku hizi kila mtu anataka droni ipite juu ya kiwanja chake, na kweli picha zinatoka nzuri sana, ila mpaka wa kiwanja unausoma kwenye bikoni, yaani zile alama za mpaka zilizochimbiwa ardhini, na bikoni nyingi zimefukiwa na udongo au zimemezwa na majani, kamera iliyo angani haizioni hata irushwe mara ngapi. Kwa hiyo mi kwa kiwanja cha kawaida napanga hivi.

Namba 1 ni GPS ya RTK. Sio ile ya simu jamani. Hii ina mashine mbili, moja inatulia kwenye pointi inayojulikana na inatuma masahihisho kwa nyingine ambayo mpima anatembea nayo kwenye fimbo, unapata usahihi wa sentimita 1 mpaka 2 kwa mlalo, kwa kimo inapungua kidogo. Chini ya miti mizito au katikati ya maghorofa inasumbua.

Hapo ndo inaingia namba 2, totali stesheni. Inapiga leza kwenye prizma, yaani kioo kinachorudisha mwanga, inasoma pembe na umbali, kosa ni milimita chache tu. Lazima ionane na prizma lakini, kwenye kichaka mtafyeka njia kwanza.

Droni naiweka ya 3, ila ukiwa na shamba la hekta nyingi, machimbo ya kokoto au unataka kontua, yaani mistari ya kuonyesha miinuko ya ardhi, za kuchorea barabara basi inaruka mpaka namba 1, kazi ya siku kadhaa za miguu inaisha kwa masaa. Muulize anayeirusha: ataweka alama chini na kuzipima kwa RTK? Kuna pointi za kuhakiki ambazo hazikuingia kwenye hesabu? Picha zinapandana asilimia 70 mpaka 80? Akibabaika, tafuta mwingine. Halafu kamera inapima inachokiona, shamba likiwa na mahindi marefu utaletewa kontua za mahindi. LiDAR, yaani kipimo cha leza kinachofungwa kwenye droni, inapenya kwenye nafasi za majani ikagusa udongo, bei yake nayo iko juu, ichukue kama kuna msitu kweli.

Ya mwisho simu. Inakosea mita 3 mpaka 5 hata uwanja ukiwa wazi, tumia kufika eneo tu, sio kuchimbia nguzo za uzio.

Na njia yoyote utakayochagua, kabla hujamaliza malipo dai orodha ya koordineti, yaani namba za mahali pa kila pointi, na ripoti iliyosainiwa na mpima mwenye leseni.