Kahawa ya Papo Hapo, Kapsuli au Kinu: Kazi Ipi Uifanye Mwenyewe?

Habari zenu, karibuni. Leo mezani nina vitu vitatu vinavyofanya kazi moja. Hapa kuna chupa ya kahawa ya papo hapo. Hapa kati, mashine ya kapsuli, yaani vile vikopo vidogo vilivyofungwa vyenye kahawa iliyosagwa. Na huku kushoto, kundi zima: kinu cha kusagia kwa mkono, koni ya kuchujia, karatasi zake na mizani ndogo. Wengi mliniomba nilinganishe ladha. Nitalinganisha, ila ladha ndiyo sehemu nyepesi. Mimi nataka kujua hivi: kati ya kazi zote zinazodaiwa na kikombe kimoja cha kahawa, ipi inafaa uifanye mwenyewe, na ipi unaweza kuiachia mashine bila kupungukiwa na chochote?

Tuanze na chupa. Naifungua... aah. Nyie hamuipati harufu hii kupitia skrini, lakini niaminini, ni nzuri kuliko kikombe kitakachofuata. Sababu ipo. Kahawa hii imeshapikwa kiwandani, ikakolezwa, kisha ikakaushwa. Kuna njia mbili za kuikausha. Moja ni kuinyunyiza kama ukungu ndani ya hewa ya moto, maji yakaruka, ukabaki unga. Nyingine ni kuigandisha iwe barafu, kisha kuitoa barafu hiyo ikiwa mvuke ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, bila kupitia hali ya maji. Hii ya pili ni ghali zaidi na hutunza ladha vizuri zaidi. Katika safari hiyo yote harufu ndiyo hutangulia kutoroka, kwa hiyo viwanda huinasa mapema na kuirudisha mwishoni. Ukifungua chupa mpya inakupiga puani. Ukimimina maji ya moto, sehemu kubwa imeshaenda zake.

Watu huiita kahawa ya wavivu. Hapo mnaionea. Nescafé iliingia sokoni Uswisi mwaka 1938, na utafiti wake ulianza kwa sababu Brazil ilikuwa imelemewa na kahawa isiyo na mnunuzi baada ya mdororo wa 1929. Mamilioni ya magunia yalichomwa moto. Waliotafuta dawa walitaka kahawa isiyoharibika ghalani, na wewe na haraka zako za asubuhi mlikuja baadaye. Kwa kutunzika, hadi leo hakuna kinachoishinda. Kwa safari, kwa keki, kwa kikombe chenye maziwa na sukari nyingi, inunue na usimwombe mtu radhi. Soma tu lebo uone imekaushwa kwa njia gani.

Mashine ya kapsuli sasa. Naweka, nafunga, nabonyeza. Hata kabla sijamaliza sentensi hii kikombe kimejaa. Ladha? Ni nzuri, na lazima nikiri kwamba haibadilikibadiliki: cha leo ni ndugu pacha wa cha jana. Kapsuli ndogo kama hii ina gramu 5 au 6 hivi za kahawa, imefungwa hewa isiingie, kwa hiyo haipotezi ladha haraka. Na kabla hamjaanza kunishambulia kuhusu taka: ndiyo, ganda la alumini linaweza kuyeyushwa likatumika tena, lakini mpaka ulirudishe mahali panapopokelewa, na hiyo ni kazi ambayo tangazo halikukuonyesha. Upande wa pili, mzigo mkubwa wa kahawa kwa mazingira uko shambani. Mtu anayechuja kwa mkono akatumia gramu 15 kila mara, kisha akamwaga nusu kikombe kwenye sinki, asimcheke mwenye kapsuli. Kwa gharama tu hakuna mjadala: ukipiga hesabu kwa gramu, kapsuli inakukamua.

Ila mimi kapsuli inanishinda kwa jambo jingine kabisa. Tuseme hiki kikombe nimekiona kichungu. Nifanye nini? Naweza kupunguza au kuongeza maji. Basi. Usagaji umeshaamuliwa, kiasi kimeshaamuliwa, na joto kwenye mashine nyingi limeshaamuliwa. Kahawa ikinikataa, ninachoweza ni kununua kapsuli ya rangi nyingine na kubahatisha upya.

Njooni huku kushoto. Hapa napima gramu 15 za punje, nasaga, naweka kwenye koni yenye karatasi, namimina maji gramu 240, yenye joto la kati ya nyuzi 90 na 96. Mimina kidogo kwanza, subiri povu lipande. Povu hilo ni gesi ya kaboni dioksidi iliyobaki ndani ya punje tangu zilipokaangwa. Lisipopanda, jua kahawa yako ni ya zamani. Kisha malizia maji taratibu. Dakika tatu hivi, imetoka.

Onjeni nami. Leo... ina uchachu unaouma pembeni mwa ulimi, halafu katikati ni nyepesi. Maana yake maji yamepita bila kuchukua vya kutosha. Kesho nitasaga laini kidogo zaidi. Ingekuwa chungu na inakausha mdomo, ningesaga chenga kubwa. Nabadilisha kitu kimoja tu kwa mara moja, vingine navitia kufuli. Umeona tofauti? Kikombe kibaya hapa kinaniambia cha kufanya. Kikombe kibaya cha kapsuli kinanyamaza.

Sasa nitawaudhi mashabiki wa vinu vya mkono. Huku kuzungusha mpini, tena punje zilizokaangwa kidogo, ambazo ni ngumu, kunachosha, na hakuniongezei chochote. Kahawa haijui nani ameisaga. Kinu cha umeme chenye meno ya ubora uleule, kikiwekwa usagaji uleule, kitakupa kitu kilekile. Najua wapo wanaosema kule kuzungusha kunatuliza akili. Sawa, basi zungusheni, ila msituambie kwamba ni ladha. Uamuzi wa kusaga laini au chenga ni wangu na siutoi. Nguvu za bega nazitoa leo hii.

Na kipimo hichohicho ndicho ninachokitumia kwenye simu. Programu ya picha inayotengeneza mwanga yenyewe, naipenda, mradi iniachie mahali pa kugusa inapokosea. Programu inayonipangia cha kutazama siipendi, kwa sababu ikinijazia upuuzi sina kitufe cha maana cha kuirekebisha. Nabonyeza “sipendi hii”, inaniletea binamu yake. Heri nifuatilie watu niliowachagua mwenyewe, hata kama inanilazimu kuwatafuta mmoja mmoja.

Hili nimeliona wazi zaidi kwenye makundi ya wapenda kahawa mtandaoni. Mtu anaandika: kahawa yangu chungu, nisaidieni. Zamani mjuzi angemjibu kwa maswali. Umetumia gramu ngapi? Maji yalichukua muda gani kupita? Tuonyeshe picha ya unga. Siku hizi, kabla mjuzi hajafika, mtu ameshabandika jibu refu kutoka kwa programu ya akili bandia, lina mapendekezo kumi, yote sahihi kwa mtu fulani, hakuna hata moja linalomhusu aliyeuliza. Kuandika jibu lile kumechukua sekunde chache. Kulikagua kunachukua dakika nyingi za mtu anayejua.

Waandaaji programu walikutana na hili mapema. Desemba 2022, siku chache tu baada ya ChatGPT kutoka, mtandao wa Stack Overflow, ambako waandaaji programu huulizana na kujibiana maswali, ulipiga marufuku majibu yake. Maelezo yao yalikuwa kwamba majibu mengi yalikuwa na makosa huku yakionekana mazuri, na ni mepesi mno kuzalisha, hivyo watu wa kujitolea wanaokagua wakazidiwa. Mimi sina ugomvi na mashine kunisahihishia tahajia au kunitafutia mjadala wa zamani. Huo ni mpini, mashine iuzungushe. Lakini yule aliyeuliza, akilazimika kupima gramu zake na kupiga picha unga wake, mara nyingi hugundua tatizo kabla hajatuma swali. Jibu la kubandika linamnyima nafasi hiyo, na mjuzi naye anachoka, anaacha kuingia.

Haya, hukumu. Mwenye mikono miwili ya kulea mtoto na akili iliyolala nusu, mashine ya kapsuli itakutendea haki. Nunua ukijua gharama iko kwenye kapsuli. Anayesafiri, chupa ya kahawa iliyokaushwa kwa kugandishwa. Mwingine yeyote mwenye fedha ya kununua kifaa kimoja cha maana, anunue kinu cha umeme, na koni ya plastiki ya bei ndogo inatosha kabisa. Ila kinu kiwe cha vipande viwili vyenye meno, vinavyosagana. Vile vyenye kisu kinachozunguka hukata ovyo, unapata vumbi na mapande ndani ya unga mmoja, vumbi linatoa uchungu, mapande yanatoa uchachu, na hapo hakuna usagaji wa kurekebisha. Mnaotumia mashine za espresso msinune, video yenu inakuja, maana kwenu vinu ni habari nyingine kabisa.