Programu ya Ruhusa za Ugonjwa Kazini: Inadai Cheti, Kisha Inadai na Siri ya Mgonjwa

Programu ninayoitathmini hapa ni ile ambayo mwajiri huinunua ili wafanyakazi watoe taarifa ya ugonjwa, wawasilishe cheti cha daktari na kufuatilia siku zao za likizo ya ugonjwa kwa simu au kompyuta, badala ya fomu za karatasi zilizokuwa zikizunguka kati ya meza ya mkuu wa kitengo na ofisi ya utumishi. Jina la programu na la kampuni iliyoitengeneza nimeyaacha, kwa kuwa vipimo ninavyovitumia vinamfaa pia anayetumia programu nyingine ya aina hiyo. Ninaandika nikiwa mwakilishi wa wafanyakazi mahali pa kazi panapoitumia, kwa hiyo naona kile anachokiona mgonjwa kwenye simu yake, na pia malalamiko yanayofuata baadaye kutoka kwa wafanyakazi na kwa wasimamizi.

Nianze na kile inachokifanya vizuri, maana si kidogo. Kesi nyingi za nidhamu zinazohusu ugonjwa hazitokani na mtu kudanganya kwamba anaumwa. Zinatokana na taarifa ambayo haikufika. Mgonjwa alipiga simu, msimamizi hakupokea, mgonjwa akamwomba mwenzake afikishe ujumbe, mwenzake akasahau, na mwisho wa mwezi mshahara ukakatwa kwa utoro. Katika programu hii mgonjwa anabonyeza kitufe cha “Siwezi kufika kazini leo”, anaweka makadirio ya siku, na papo hapo anapewa namba ya kumbukumbu yenye tarehe, saa na dakika, ambayo msimamizi hawezi kuifuta. Mtandao ukiwa dhaifu, taarifa inapita kwa ujumbe mfupi wa kawaida. Aliyelazwa hospitalini anaweza kuripotiwa na ndugu aliyesajiliwa tangu mwanzo kuwa mtu wa dharura, na hilo peke yake limeokoa ajira ya mtu hapa kwetu. Jambo la msingi ni kwamba programu inatenganisha wajibu wa kutoa taarifa na wajibu wa kuthibitisha ugonjwa, mambo ambayo waajiri wengi huyachanganya hata kumwadhibu kwa kukosa cheti mtu ambaye bado yumo kwenye foleni ya kumwona daktari.

Matatizo yanaanza kwenye ukurasa wa cheti. Mgonjwa anapiga picha cheti alichopewa, anaipakia, kisha anakutana na kisanduku cha “Aina ya ugonjwa” chenye alama nyekundu ya kuonyesha kwamba ni lazima kijazwe. Akikiruka, ombi zima linarudishwa na maneno “Taarifa hazijakamilika”. Orodha ya kuchagua inamtaka aseme kama tatizo lake ni la akili, la uzazi, la ngozi, la mfumo wa chakula na kadhalika, na majibu yake yanaonekana kwa msimamizi wake wa moja kwa moja, yule anayekaa naye ofisi moja na kula naye mchana. Mwenzetu mmoja alikuwa na cheti safi chenye muhuri, namba ya usajili ya daktari na siku alizopumzishwa. Daktari kwa makusudi hakuandika ugonjwa, na alifanya hivyo kwa heshima ya mgonjwa wake. Programu ilimrudishia ombi lake mara kwa mara mpaka akachagua “mafua” ili apite. Cheti cha kweli kikageuzwa kuwa tamko la uongo kwa sababu tu ya fomu iliyotengenezwa vibaya, na kama mwajiri angetaka kumchokoza baadaye, uongo huo ungekuwa sababu tosha.

Hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na watengenezaji. Cheti cha ugonjwa kina kazi moja, nayo ni kumjulisha mwajiri kwamba mtu huyu, kwa maoni ya mtaalamu aliyemchunguza, hawezi kufanya kazi yake kuanzia tarehe hii hadi tarehe ile. Mwajiri anahitaji kujua muda ili apange watu wa kuziba pengo. Hahitaji kujua kiungo gani kinauma. Ujerumani imelionyesha hili kwa vitendo: nakala ya cheti iliyokuwa ikipelekwa kwa mwajiri haikuwa na jina la ugonjwa, na tangu Januari 2023 mwajiri huchukua taarifa hiyo kwa njia ya kielektroniki kutoka kwa bima ya afya ya mfanyakazi, akiona tarehe za kuanza na kumalizika na kama cheti ni cha kwanza au cha kuendeleza. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 na kanuni za data za Umoja wa Ulaya zinaiweka hali ya afya ya mtu katika kundi la taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa ziada, kwa hiyo mwajiri anayekusanya aina za magonjwa ya watu wake bila kuwa na sababu ya msingi anajibebesha mzigo wa kisheria asiouhitaji. Zipo hali chache ambapo asili ya ugonjwa inahusu kazi yenyewe, kwa mfano mtu anayeandaa chakula akipata ugonjwa wa kuambukiza tumboni, au dereva aliyepata kifafa, lakini hizo zinafaa kushughulikiwa na daktari wa kazini kwa faragha, si na orodha ya kuchagua kwenye simu.

Uhakiki wa vyeti, kwa upande mwingine, umefanywa kwa busara, na nasema hivyo nikijua kwamba wenzangu wengi wanauogopa. Vyeti vya kughushi vipo, na anayetegea kazi kwa cheti cha kununua anawaumiza wenzake kwanza, kwa sababu wao ndio wanaoibeba zamu yake. Programu inalinganisha namba ya usajili ya daktari na orodha ya madaktari waliosajiliwa, kisha inaituma hospitali au zahanati swali fupi lenye majibu mawili tu: je, cheti hiki chenye namba hii kilitolewa na ninyi, ndiyo au hapana. Haimwulizi daktari lolote kuhusu mgonjwa. Mgonjwa naye anajulishwa kwamba swali limeulizwa. Hivi ndivyo uhakiki unavyopaswa kuwa, na ni ajabu kwamba watu walewale walioufikiria kwa makini kiasi hiki ndio walioweka kile kisanduku chekundu.

Mpangilio wa kwanza wa programu, ule unaokuja nao kabla mwajiri hajagusa chochote, unadai cheti tangu siku ya kwanza ya ugonjwa. Ningependa kila ofisa utumishi anayenunua programu ya aina hii aubadilishe kabla ya kitu kingine chochote. Mtu aliyeamka akiharisha au akiwa na kipandauso hana anachohitaji zaidi ya kulala na kunywa maji, lakini sheria ya cheti cha siku ya kwanza inamtoa kitandani, inampandisha kwenye gari la abiria na kumkalisha saa nyingi kwenye benchi la hospitali pamoja na watu wanaoumwa zaidi yake, ili daktari, ambaye hana kipimo cha maumivu ya kichwa, aandike kile alichoambiwa na mgonjwa mwenyewe. Tena daktari akishaandika, mara nyingi haandiki siku moja. Anaandika siku tatu kwa tahadhari, na mfanyakazi ambaye angerudi kesho yake anabaki nyumbani kwa haki. Mwajiri aliyetaka kuokoa siku amezipoteza. Uingereza inamruhusu mfanyakazi ajithibitishie mwenyewe kwa siku 7 za mwanzo, na cheti kinahitajika ugonjwa unapopita hapo. Nchini Sweden cheti cha daktari kinaanza kudaiwa siku ya 8. Ujerumani kawaida yake ni ugonjwa unaozidi siku 3, ingawa mwajiri anaweza kukidai mapema zaidi. Programu inaruhusu kuweka kikomo hicho popote kati ya siku ya kwanza na ya nane, lakini mpangilio huo umefichwa ndani ya kurasa za msimamizi mkuu, na sisi tuliufikia baada ya mjadala mrefu. Tangu ubadilishwe, wasimamizi wanaotuletea malalamiko kuhusu watu wa kutegea hawajaongezeka.

Kuhusu hesabu za siku nitasema kwa kifupi, isipokuwa jambo moja ambalo mnunuzi lazima aliangalie kabla ya kusaini mkataba. Programu inahesabu haki ya likizo ya ugonjwa kwa mwaka wa kalenda na kuifuta kila tarehe 1 Januari. Kwa nchi ambazo sheria zake zinahesabu kwa miezi 12 mfululizo, kama Kenya, ambako mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini anastahili angalau siku 7 za mshahara kamili na nyingine 7 za nusu mshahara, kasoro hiyo inaweza kurekebishwa kwa mkono, ijapokuwa kwa usumbufu. Kwa Tanzania, ambako sheria inatoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, programu haiwezi kabisa kuhesabu sawasawa, na mfanyakazi mwenye ugonjwa mrefu anaweza kulipwa nusu mshahara wakati bado anastahili kamili. Vilevile, mtu akiugua akiwa katika likizo yake ya mwaka, programu inakataa kupokea cheti kwa kuwa “siku hizo tayari zimechukuliwa”. Mkataba Na. 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unasema kwamba siku ambazo mtu hawezi kufanya kazi kwa ugonjwa zisihesabiwe ndani ya likizo ya chini kabisa ya mwaka, kwa masharti yanayowekwa na kila nchi, na sioni sababu ya programu ya kisasa kutoijua kanuni yenye umri huo.

Kisha ipo ripoti ya wasimamizi. Kila mwezi programu inatoa orodha ya wafanyakazi ambao kutokuwapo kwao “kunafuata mtindo”, hasa Jumatatu na Ijumaa, na majina yao yanapakwa rangi nyekundu. Nia naielewa. Lakini jina la kwanza nililoombwa kulitetea kutoka kwenye orodha hiyo lilikuwa la mtu anayesafishwa damu kwa mashine, kwa sababu figo zake hazifanyi kazi, na ratiba yake ya hospitali ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kama ilivyo kwa wagonjwa wengi wa aina hiyo ambao husafishwa mara tatu kwa wiki. Vyeti vyake vyote vilikuwa ndani ya programu hiyohiyo, vimehakikiwa na kupitishwa. Programu ilikuwa na ushahidi wote wa kumwondolea shaka, na bado ikamtangaza mshukiwa mbele ya mkuu wake. Mkataba Na. 158 wa mwaka 1982 wa shirika hilohilo unaeleza wazi kwamba kutokuwapo kazini kwa muda kutokana na ugonjwa au jeraha si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na kila anayeitumia ripoti hii kuandaa barua ya onyo anapaswa kwanza kukaa na mfanyakazi na kumsikiliza. Kwetu tumekubaliana na mwajiri kwamba ripoti inafunguliwa na ofisa utumishi peke yake, na anaondoa kwanza siku zote zenye cheti kilichohakikiwa.

Kwa mwajiri mwenye wafanyakazi wengi waliotawanyika, ninaipendekeza programu hii kwa masharti: kisanduku cha aina ya ugonjwa kifungwe, na kampuni inayouza inaweza kukifunga ikiombwa kwa maandishi, cheti kisidaiwe siku ya kwanza, picha ya cheti ionekane kwa ofisi ya utumishi tu, huku msimamizi akiona tarehe, na hesabu za siku zilinganishwe na sheria ya nchi kabla ya mshahara wa kwanza kupita humo. Kwa mahali pa kazi penye watu wachache wanaofahamiana, daftari linalotunzwa vizuri na kabati lenye kufuli vinatosha, na siri ya mtu inakaa salama zaidi.

Kasoro moja bado haina dawa. Programu inamjua mgonjwa na inamjua mzima, lakini haimjui anayepona. Cheti cha Uingereza, tangu mwaka 2010, kinampa daktari nafasi ya kuandika kwamba mtu anaweza kurudi kazini endapo saa zake zitapunguzwa, kazi zake zitabadilishwa au atarudi hatua kwa hatua, na daktari yeyote makini huandika ushauri wa namna hiyo hata mahali ambapo fomu haina nafasi yake. Tukiuingiza ushauri huo humu, mtu anayefanya nusu siku anahesabiwa kuwa hayupo siku nzima, na siku zake za ugonjwa zinaliwa wakati amekaa kwenye kiti chake akifanya kazi. Tumewaandikia watengenezaji, nao wamejibu kwamba wataliangalia katika toleo lijalo. Kwa sasa wanaorudi kazini kwa hatua tunawaandika kwenye fomu ya karatasi yenye saini ya mfanyakazi na ya mkuu wake, na ofisa utumishi anarekebisha hesabu zao kwa mkono kila mwisho wa mwezi.