Okidi nyumbani Nairobi: magome au makumbi ya nazi?

Kwa kupanda okidi, maua haya ya chunguni, udongo wa shambani tuuache kabisa. Okidi nyingi za nyumbani, Phalaenopsis zikiwemo, kwa asili hushikilia miti, na mizizi yake ikikosa hewa huoza.

Kwa gharama, magome ya msonobari yanashinda ikiwa unamfahamu mpasua mbao. Makumbi hutoka Pwani, kwa hiyo unalipia na usafiri. Tena huwa na chumvi: yaloweke na kubadilisha maji mara kadhaa kabla ya kupanda.

Kwenye maji ndipo penye ubishi. Magome hukauka upesi, makumbi hukaa na unyevu. Januari kwenye jua kali, makumbi humfaa anayetoka asubuhi na kurudi usiku. Lakini ije Julai na baridi yake, chungu kilekile kitabaki chepechepe kwa siku nyingi, na hapo mwenye magome atalala usingizi. Kama mkono wako hauachi kumwagilia (tupo wengi), chukua magome.

Kuhusu namna ya kumwagilia, kutumbukiza chungu kwenye beseni dakika 10 huokoa maji wiki ya mgao, ila vyungu vikishiriki beseni moja huambukizana magonjwa. Kumwagilia kwa kopo juu hadi chini hutumia maji mengi, lakini huosha chumvi za mbolea. Anayetegemea maji ya kisima, ambayo nayo huweza kuwa na chumvi, ana sababu zaidi ya kukinga ya mvua.

Magome na makumbi, yote mawili huoza. Badilisha kila baada ya miaka 2 hivi.