Seti za vifaa vya kupona baada ya kutolewa ovari: mkanda una kazi, chai haina, na kipimajoto hakimo

Seti hizi zimejaa mtandaoni. Boksi moja lina mkanda wa tumbo, soksi za kubana miguu, mto mdogo, sabuni ya kuua vijidudu, vipande vya silikoni vya kovu, na mara nyingi pakiti ya chai ya mitishamba ya “kusawazisha homoni”. Huuzwa kwa kila mwanamke anayekwenda kutolewa ovari, kana kwamba upasuaji wote ni wa aina moja. Hiyo ndiyo kasoro yao ya kwanza. Kabla hujaagiza, muulize daktari mambo mawili: nitapasuliwa kwa matundu au kwa mkato mrefu, na nitabakiwa na ovari moja au zote mbili zinatolewa? Majibu yake yataamua ni vitu gani kwenye boksi hilo utavitumia na vipi vitabaki kwenye nailoni.

Kwenye upasuaji wa matundu, daktari hutoboa sehemu 3 au 4 zenye upana wa milimita 5 hadi 12, mojawapo kitovuni, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Mkato mrefu huwa wa chini, usawa wa mstari wa nywele za sehemu za siri, au wa wima kutoka karibu na kitovu kushuka chini iwapo uvimbe ni mkubwa au saratani inashukiwa. Aliyetobolewa matundu hurudia shughuli nyingi za kawaida ndani ya wiki 2 hivi. Aliyepasuliwa kwa mkato ahesabu wiki 6.

Mkanda wa tumbo

Mkanda ndio unaouza boksi, basi nao uangaliwe vizuri. Kwa aliyepasuliwa kwa mkato mrefu unasaidia kweli: hushikilia ukuta wa tumbo wakati misuli bado ni dhaifu, hupunguza maumivu ya kuinuka na kutembea, na mgonjwa anayetembea mapema hupunguza hatari ya damu kuganda miguuni na ya matatizo ya mapafu. Kwa aliyetobolewa matundu, haja yake ni ndogo sana. Sehemu kubwa ya maumivu ya siku za mwanzo hapo hutokana na gesi ya kabonidayoksaidi iliyojazwa tumboni ili daktari apate nafasi ya kuona. Mabaki ya gesi hukera kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, na neva ya kiwambo hicho huyapeleka maumivu begani, ndiyo maana watu hushangaa: nimepasuliwa tumbo, bega linauma nini? Kubana tumbo hakuitoi gesi hiyo. Mwili wenyewe huifyonza ndani ya siku chache. Kutembea polepole mara kwa mara husaidia, na kitambaa cha joto begani kinatuliza. Kisiwekwe juu ya mshono.

Maelezo ya boksi hudai pia kwamba mkanda huzuia ngiri na kurudisha umbo. Usinunue kwa sababu hizo. Ngiri ya mshono hutokea pale tabaka gumu la ukuta wa tumbo linaposhindwa kuungana sawasawa chini ya ngozi, na kwa upande wako kinga ni kutoinua mizigo, kutokohoa bila kujishika na kutojikamua chooni. Ukiambiwa usinyanyue kitu kizito, chukulia kilo 4 au 5 kuwa mwisho, na hesabu hiyo inaingiza ndoo ya maji na mtoto anayetaka kubebwa.

Saizi ya nguo si kipimo cha mkanda. Simama, zungusha futi ya fundi mahali papana zaidi ambapo mkanda utakaa, kati ya nyonga na chini ya mbavu, kisha chagua saizi ambayo kipimo chako kinaangukia katikati. Tumbo huvimba baada ya upasuaji. Mkanda unaofikia ncha ya velkro kabla ya kulazwa hautafunga ukitoka. Upana wake hupimwa kwa vipande vilivyoshonwa pamoja, kila kimoja karibu sentimita 7.5. Mwenye kiwiliwili kifupi anahitaji vipande 3, yaani kama sentimita 23. Mkanda wa vipande 4 utapanda mbavuni kila anapoketi, kisha utajikunja, na ule mkunjo utafanya kama kamba juu ya mshono. Seti nyingi huweka wa vipande 4 kwa kila mtu, na malalamiko mengi ya wanunuzi kuhusu “mkanda mbovu” ni ya upana tu.

Kuuvaa kuna utaratibu. Utandaze kitandani, lala juu yake, vuta pande zote mbili kwa nguvu sawa na ufunge kuanzia chini kwenda juu. Ukingo wa chini ukae kwenye nyonga, na mshono wote ufunikwe: ukingo ukipita katikati ya mshono utausugua. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na mwili bila kulazimishwa. Vuta pumzi ndefu. Mbavu zikikataa kutanuka, umebana mno, na pumzi fupi za siku nzima ndizo zinazoleta homa ya mapafu. Ndani vaa fulana nyepesi ya pamba, kwa sababu velkro hung’oa plasta na jasho hulainisha ngozi mpaka ikachubuka. Uvae unapoinuka na kutembea, uutoe unapolala. Uutoe pia angalau mara mbili kwa siku kuukagua mshono, maana mkanda huficha damu na usaha hadi vilowe nguo. Mwenye mzio wa mpira asilia asome lebo, kwani baadhi ya elastiki za mikanda zina mpira huo. Ukiufua, funga velkro kwanza, la sivyo itakusanya nyuzi na kuacha kushika.

Jambo moja zaidi kabla ya kuacha mkanda: ile mikanda ya kutengenezea kiuno, yenye mifupa ya plastiki na kulabu, si mbadala. Hukandamiza juu na kusukuma uzito wa tumbo chini, mahali palipokatwa.

Soksi

Hapa seti hushindwa vibaya. Soksi za kuzuia damu kuganda hupimwa kwa mzunguko wa kifundo, mzunguko wa shavu la mguu na urefu wa mguu, lakini boksi huja na soksi za saizi ya kiatu. Zinazotumika wodini hukandamiza kwa shinikizo la takriban milimita 14 hadi 15 za zebaki (mmHg) kwenye shavu la mguu. Kama kiwango hakikuandikwa popote, umeuziwa soksi tu. Kubwa mno haifanyi kazi. Ndogo mno, au ambayo sehemu ya juu imejikunja, hufunga mguu kama mpira wa kutolea damu na kuleta kile kile ilichonunuliwa kukizuia. Mwenye mishipa iliyoziba miguuni, mwenye kisukari aliyepoteza hisia za miguu, au mwenye kidonda asivae bila kupimwa. Mwingine yeyote azivue kila siku, aoge, aangalie visigino. Na kama daktari amekuandikia sindano za kuzuia damu kuganda, ambazo baada ya upasuaji wa saratani huweza kwenda hadi siku 28, soksi hazichukui nafasi yake.

Sabuni na maandalizi

Sabuni ya klorheksidini, ile ya kuua vijidudu, ni nzuri, si ya lazima. Shirika la Afya Duniani linakubali sabuni ya kawaida kwa kuoga kabla ya upasuaji. Ukiitumia, isiingie machoni, masikioni wala ukeni. Kitovu ndicho kinachosahaulika: kama utatobolewa matundu, kisafishe taratibu kwa pamba na sabuni siku mbili tatu kabla, kwa kuwa uchafu uliogandamana humo hauondoki kwa kuoga kwa haraka asubuhi ya upasuaji. Ukikuta wembe ndani ya boksi, uweke pembeni. Kunyoa kwa wembe huacha michubuko isiyoonekana, na bakteria huingilia hapo. Nywele zikihitaji kuondolewa, zitapunguzwa kwa mashine hospitalini.

Seti chache zina unga wa kinywaji cha wanga cha kunywa kabla ya nusu kaputi. Usiutumie bila ruhusa, hasa ukiwa na kisukari. Kanuni ya kawaida ni kuacha chakula saa 6 kabla, saa 8 kama kilikuwa cha mafuta mengi, na kuendelea na maji au vinywaji vinavyopitisha mwanga, visivyo na maziwa, hadi saa 2 kabla. Maziwa, hata kidogo ndani ya chai, huhesabiwa ni chakula. Maelekezo ya hospitali yako yakiwa makali kuliko haya, fuata ya hospitali. Tumbo lenye chakula wakati wa nusu kaputi linaweza kurudisha chakula hicho na kikaingia mapafuni, na upasuaji utaahirishwa kwa sababu hiyo tu.

Mto

Unafaa, ila taulo lililokunjwa mara nne linafanya kazi hiyo hiyo. Ukandamize juu ya mshono kwa mikono miwili unapokohoa, kupiga chafya au kucheka, na uuweke kati ya tumbo na mkanda wa gari. Kutoka kitandani hakuhitaji kifaa: kunja magoti, jigeuze ubavu mabega na nyonga vikienda pamoja, shusha miguu, kisha jisukume kwa mikono. Anayeinuka moja kwa moja kama alivyozoea ataujua mshono wake ulipo.

Chai ya homoni

Hii iondolewe boksini. Aliyetolewa ovari moja na kubaki na nyingine yenye afya, ile iliyobaki huendelea na kazi: hedhi zinaendelea na mimba inawezekana. Hakuna cha kusawazisha. Aliyetolewa zote mbili kabla ya kukoma hedhi, estrojeni, homoni ya kike itokayo kwenye ovari, hushuka ghafla, na joto la ghafla na jasho la usiku vinaweza kuanza ndani ya siku chache tu. Hapo linalotakiwa ni mazungumzo na daktari kabla ya upasuaji kuhusu tiba ya homoni. Wengi wasio na kizuizi hushauriwa kuitumia hadi umri wa kawaida wa kukoma hedhi, karibu miaka 50 au 51, kwa ajili ya mifupa na moyo pia, lakini kwa baadhi ya saratani haifai. Baya zaidi, chai hizi huchanganya mimea ambayo muuzaji hataji kiasi chake. Ginsengi, ginko na vidonge vya kitunguu saumu vinaweza kuongeza kutoka damu. Ni vya kuachwa kiasi cha wiki 2 kabla ya upasuaji, na mtu wa nusu kaputi aambiwe vyote ulivyokuwa ukinywa.

Silikoni

Ni bidhaa ya kweli iliyowekwa boksini mapema mno. Huanza kutumika ngozi ikishafunga kabisa, bila gamba wala majimaji, kwa kawaida baada ya wiki 2 au zaidi. Kisha hubandikwa saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi 2 hadi 3, huku kipande kikioshwa kila siku. Vipande 2 au 3 vilivyomo havifiki huko, na kwa matundu ya milimita 5 wengi hawavihitaji. Mwenye ngozi yenye historia ya kovu la kuvimba ndiye wa kuvinunua, tena pakiti kamili.

Ambavyo havimo

Cha kwanza ni dawa ya kulainisha choo. Kodeini, tramadoli na mofini, dawa kali za maumivu, hugandisha matumbo, nusu kaputi nayo huyachelewesha, na mgonjwa anayeogopa kujikamua hujizuia zaidi. Siku ya nne tumbo hujaa na kuuma kuliko mshono. Usisubiri hapo. Sena au bisakodili ikinywewa usiku hufanya kazi asubuhi. Laktulosi huchukua hata siku 2, kwa hiyo ianze mapema. Unga wa nyuzinyuzi bila maji mengi, wakati matumbo yamelala, huongeza tu mzigo. Kutafuna ubani (chingamu) mara tatu kwa siku husaidia matumbo kuamka, na ni ajabu hakuna seti yenye ubani.

Cha pili ni parasetamoli ya kutosha. Kwa mtu mzima wa zaidi ya kilo 50, gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa saa 24, ikinywewa kwa saa zake siku 2 au 3 za mwanzo badala ya kungojea maumivu yapande. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani, nazo zihesabiwe. Ibuprofeni huongezea nguvu, ila si kwa mwenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu.

Kisha chupi kubwa za pamba zinazopita juu ya mshono, na pedi: damu kidogo ukeni kwa siku chache ni kawaida. Damu inayolowesha pedi nzima kwa saa si kawaida.

Cha mwisho ni kipimajoto. Maumivu baada ya matundu yanatakiwa kupungua kila siku. Yakianza kupanda siku ya pili au ya tatu, tumbo likavimba, kutapika kukaja, huenda utumbo au mrija wa mkojo umejeruhiwa, na si jambo la kungojea miadi. Vivyo hivyo kwa joto la nyuzi 38 au zaidi, mshono unaotoa usaha, kushindwa kukojoa, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kukosa pumzi ghafla: nenda hospitali siku hiyo hiyo, na kwa kukosa pumzi, dakika hiyo hiyo. Pima joto kabla ya kumeza parasetamoli, kwa sababu hushusha homa na kuficha dalili kwa saa kadhaa.